Mnamcheka Step? Mimi sicheki tena

Shifti za usiku zimeninyonya mpaka nimebaki macho tu, lakini mzima, tumshukuru Mungu.

Leo nina jambo na naomba mnivumilie maana nimelibeba wiki nzima. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwa dada mmoja hapa hapa Texas, kuna mtoto alikuwa anatimiza mwaka. Pilau ikaliwa, keki ikakatwa, watoto wakafukuzwa chumbani, na sisi wakubwa tukabaki sebuleni kama kawaida yetu. Shemeji mwenye nyumba akashika rimoti. Akasema anatuwekea filamu moja ya zamani kidogo, ya mwaka 2009, inaitwa Extract, eti tutacheka mpaka mbavu ziombe likizo.

Na kweli watu walicheka. Mimi pia, sitawadanganya, nilicheka dakika kama ishirini hivi. Halafu nikanyamaza. Mwenye nyumba akaniuliza, "Nesi vipi, umechoka?" Nikasema ndiyo, nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kumharibia mtoto wa watu siku yake. Sasa mtoto keshalala, keki imekwisha, ngoja niseme.

Kwa wasioijua hiyo filamu: ni kazi ya Mike Judge, yule yule wa Beavis and Butt-Head na King of the Hill. Kuna bwana anaitwa Joel, anaigizwa na Jason Bateman, ana kiwanda chake cha arki, ile chupa ndogo ya maji ya kahawia tunayotia kwenye keki tukasema tumetia vanila. Joel ni mtu mpole. Mke wake hamtaki kitandani, jirani yake anaongea bila kumeza mate, na yeye anataka tu kuliuzia kampuni kubwa kiwanda chake apumzike. Basi siku moja pale kiwandani wanawake wa kwenye mkanda wa chupa wamenuna, wanamsema mwenzao mgeni aitwaye Hector kwamba hafanyi kazi, wanaacha chupa zijazane kusudi. Jambo moja linavuta jingine, vitu vinagongana, na mwisho wa mlolongo huo kijana aitwaye Step, mchapakazi anayejivunia kazi yake, anapigwa mahali pabaya na kupoteza korodani.

Hapo sebuleni nzima ilipasuka kwa kicheko.

Kisha anaingia Cindy, msichana mrembo (Mila Kunis), mwizi wa kazi, kazisoma habari za ajali gazetini na kunusa pesa. Anaomba kibarua pale kiwandani, anamwekea Step mtego wa mapenzi, anamtia maneno kichwani mpaka Step anaamua kushitaki. Wanampata wakili wa yale mabango ya barabarani, anayeigizwa na Gene Simmons yule mwanamuziki wa Kiss, ambaye kwenye mazungumzo ya kumaliza kesi anadai jambo la aibu nisiloweza kuliandika hapa, wakwe zangu wanasoma. Kiwanda kinakaribia kufa, mauzo yanakwama, na sisi watazamaji tunakaa roho juu: maskini Joel, maskini Joel. Mwishoni Step anaachana na kesi, anapewa ukubwa pale kiwandani, maisha yanaendelea.

Haya. Sasa niambieni, hiyo filamu inafundisha nini kuhusu mtu aliyeumia kazini? Inasema mtu aliyeumia ni mtu mwema mradi anyamaze. Akidai, basi ama ni mjinga, ama kuna mwanamke tapeli nyuma yake. Hakuna mlango wa tatu. Katika hadithi nzima hakuna hata dakika moja ambapo kudai kwa Step ni jambo la haki tu, la mtu aliyepoteza kiungo cha mwili wake akiwa kazini kwa mtu mwingine. Anayeumia ni Step, anayeonewa huruma ni Joel!

Na Judge hakufanya hivyo kwa bahati mbaya. Mwaka 1999 alitengeneza Office Space, ile ya vijana wa ofisini wanaochoshwa na mabosi. Hiyo naipenda mpaka leo. Yule Milton aliyenyang'anywa mpaka stepla yake, akahamishwa meza mpaka akatupwa chini kabisa kwenye stoo, ni ndugu yangu wa damu. Lakini Judge mwenyewe alieleza wakati Extract inatoka kwamba naye alishakuwa bosi, akawa na watu wengi chini yake, akaanza kuona mambo kwa macho ya bosi. Sawa, kila mtu anaona kutoka alipokaa. Mimi nami naona kutoka nilipokaa, na nilikaa kwenye mkanda.

Kabla sijafika huko, neno moja kuhusu kiwanda chenyewe, maana wengi mle sebuleni hawakujua kwamba wazo la filamu lilitokana na kiwanda cha kweli, na kiko jimbo letu hili hili. Ni Adams Extract. Mzee John A. Adams aliianza kampuni mwaka 1888 huko Battle Creek, Michigan, akaileta Texas, mji wa Beeville, mwaka 1905, na mwaka 1922 mwanawe akaihamishia Austin. Kiwanda chao kilikaa miaka mingi kando ya barabara kuu ya I-35 kusini mwa Austin, mji ambao Judge aliishi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakahamia Gonzales. Ile keki nyekundu inayoitwa red velvet, ambayo sasa hata harusi za Sinza na Kinondoni haziendi bila hiyo, wao wana mchango mkubwa kuieneza: walikuwa wanagawa kadi za mapishi madukani ili watu wanunue rangi nyekundu na ladha zao. Akili hiyo, siwezi kuikataa. Na niweke wazi hapa ili mtu asinilishe maneno: sina ugomvi wowote na Adams. Hadithi ya Step ni ya kubuni, na haya ninayoyasema kuhusu viwanda si yao. Ugomvi wangu ni na filamu, na na sisi tuliokuwa tunacheka.

Sasa mkanda. Wengi mnaonifahamu mnanijua na stetoskopu shingoni. Hamkunijua 2014. Nilifika hapa na digrii yangu ya uuguzi kutoka Muhimbili kwenye bahasha ya kaki, nikidhani nitashuka kwenye ndege na kuvaa sare. Kumbe vyeti vinatakiwa vikaguliwe upya, nakala zisafiri kutoka chuoni kwa muhuri, ukae mtihani wa NCLEX, ada baada ya ada. Wakati huo kodi haisubiri. Kwa hiyo nikabeba boksi kama kila mtu. Wakala wa vibarua alituchukua Watanzania wanne na Wakenya wawili akatupeleka kiwanda kimoja cha kufungasha vitu vya jikoni, jina lake nalihifadhi. Shifti ya usiku, saa nne mpaka kumi na mbili asubuhi. Chupa zinakuja, wewe unapanga, zinakuja, unapanga. Supavaiza hakuwahi kujua jina langu. Aliniita Mary kwa sababu Mary alikuwepo kabla yangu. Mle kwenye filamu kuna meneja, J.K. Simmons, ambaye wafanyakazi wote anawaita jina moja la kejeli maana hana muda wa kujifunza majina. Hapo pia watu walicheka, na mimi, Mary, nilicheka nao. Hizo ndizo zile dakika ishirini.

Kulikuwa na kifuniko cha bati kinachotakiwa kufunika mahali mnyororo unapokutana na rola. Kilikuwa kimetolewa, kimeegeshwa ukutani, kwa sababu kukifungua kila mara wakati wa usafi kulipoteza dakika. Chupa ikakwama. Ukiiacha ikwame, nyuma yako zinajazana, wenzako wanakufokea. Nikaingiza mkono wa kushoto kuiondoa. Sitaeleza zaidi. Kidole cha shahada, ncha na ukucha, na ule mshipi mdogo wa nyama unaokinyoosha kidole kwa juu ukakatika.

Supavaiza alinipa mfuko wa barafu na kipande cha shashi. Akaniambia nikae chumba cha mapumziko mpaka shifti iishe, basi la wakala lije. Nikajifunga mwenyewe. Nesi mwenye digrii, nimekaa kwenye kiti cha plastiki saa tisa usiku, najifunga kidole kwa meno. Asubuhi nikaletewa karatasi nitie sahihi, nikatia, mkono wa kulia ulikuwa mzima. Sikuisoma. Nilikuwa nataka kwenda nyumbani.

Mnajua kinachouma zaidi ni nini? Dawa yake nilikuwa naijua. Kidole kile kinafungwa kibanzi kikiwa kimenyooka, wiki sita mpaka nane, usiku na mchana, bila kukikunja hata mara moja, hata ukioga. Ukikikunja mara moja unaanza kuhesabu upya. Lakini mtu mwenye kibanzi hapangi chupa, na asiyepanga chupa halipwi, na ada ya mtihani nilikuwa nimebakiza dola mia mbili kuikamilisha. Nikakaa na kibanzi siku nne. Siku ya tano nikakivua, nikarudi kwenye mkanda.

Leo ncha ya kidole kile imeinama kama mtu anayechungulia kisimani, na haina hisia. Kwa watu wengine ingekuwa si kitu. Kwa nesi, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ndicho jicho. Mkono wa kulia unashika sindano, wa kushoto unapapasa mshipa. Mgonjwa mzee aliyekauka maji, mishipa imejificha, huioni kwa macho, unaisikia kwa ncha ya kidole, inarukaruka kidogo kama uzi uliolowa. Mimi hiyo sina. Nimejifundisha upya kwa kidole cha kati, na naweza, msiogope kuja wodini kwangu! Lakini kuna usiku mgonjwa anachomwa mara mbili pale ambapo angechomwa mara moja, na ananiangalia, na mimi namwambia samahani baba, na simwambii kwa nini.

Sikushitaki. Wala sikuuliza. Watanzania wenzangu walinizunguka wakaniambia, kwa mapenzi kabisa, "Dada usianze mambo ya mahakama, sote wakala ni mmoja, utatuharibia. Utaonekana umekuja kutafuta hela za bure." Hela za bure! Hilo neno. Nikiwa nimekaa Jumamosi naangalia Step anavyofanywa mjinga, nikagundua neno lile limetoka wapi. Hawakulitunga wale wenzangu. Walilikuta kwenye hewa ya nchi hii, kwenye vichekesho kama hivi, wakalimeza bila kutafuna, wakanilisha na mimi.

Shemeji, nakujua utaniambia, "Nesi, ni komedi tu, na matapeli wapo." Wapo. Nimekaa chumba cha dharura miaka mitatu, nimewaona. Mtu anaingia anachechemea mguu wa kulia, anatoka anachechemea wa kushoto. Lakini nikiwapanga mstari mmoja, na mstari wa pili nikawapanga wale walioumia kweli wakafika wamechelewa siku tatu kwa sababu waliogopa kumwambia bosi, mstari wa pili ungetoka mlangoni ukazunguka maegesho. Vidonda vimeoza. Mkono umevimba kama andazi. Unamuuliza imetokea wapi, anasema nyumbani, nilikuwa natengeneza gari. Mikono ina vumbi la saruji mpaka kwenye kucha na anakuambia gari. Kwa nini hakuna aliyetengeneza komedi juu ya huyo? Kwa sababu huyo hachekeshi.

Halafu kuna sheria, na hapa naomba mnisikilize vizuri wote mnaobeba boksi Texas, hata kama filamu hamjaiona. Majimbo mengi ya Marekani yanamlazimisha mwajiri kuwa na bima ya fidia ya wafanyakazi. Ukiumia, unatibiwa na unalipwa sehemu ya mshahara, bila kubishana kosa la nani, na wewe kwa upande wako kwa kawaida huwezi kumshitaki mwajiri. Ndiyo biashara yenyewe: matibabu kwa kubadilishana na kesi. Texas ni tofauti. Hapa, tangu 1913, mwajiri binafsi anaruhusiwa kuchagua kutojiunga kabisa. Akiwa nje, sharti lake ni kwamba anatakiwa akujulishe kwa maandishi, na ukiumia unaweza kumpeleka mahakamani kwa uzembe. Na akifika huko hawezi kujitetea kwa kusema mfanyakazi mwenzako ndiye aliyesababisha. Mmeelewa? Wale wanawake walionuna kwenye mkanda wa Joel si kinga yake. Baadhi ya waajiri hao wanakutilisha sahihi siku ya kwanza, katikati ya karatasi ishirini, kwamba ugomvi wowote utakwenda kwa msuluhishi wa faragha, si mbele ya baraza la raia mahakamani.

Kwa hiyo mnaposema "Wamarekani wanapenda kesi," mjue kwamba kwa mtu aliyeumia kwenye kiwanda kisicho na bima, kesi ndiyo mlango pekee uliobaki kwenye nyumba. Na Extract inakaa mlangoni hapo hapo inamzomea anayeingia.

Nina lingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu linahusu viwanda vya ladha hasa. Mwezi Mei mwaka 2000 daktari mmoja aliwaarifu watu wa afya wa jimbo la Missouri kwamba kuna wagonjwa wanane, wote waliwahi kufanya kazi kiwanda kimoja cha bisi za maikrowevu, wote wana ugonjwa adimu wa mapafu. Vijia vidogo kabisa vya hewa vinapata kovu na kuziba, na havifunguki tena. Inhela haisaidii. Baadhi yao walikuwa vijana, na baadhi waliandikwa kwenye orodha ya kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine. Wachunguzi wa serikali kuu walipoingia walikuta kinachohusika ni mvuke wa ladha ya siagi, kemikali iitwayo diasetili, ile inayofanya bisi zinukie jumba la sinema. Baadaye, California, ugonjwa huo huo ukaonekana kwa watu waliokuwa wanachanganya ladha zenyewe viwandani. Mfanyakazi mmoja wa Missouri alikwenda mahakamani, na mwaka 2004 baraza la raia likaamua alipwe dola milioni 20.

Je, yule naye alikuwa na Cindy nyuma yake? Alikuwa mjinga aliyetiwa maneno? Kila ninyi mnaokula bisi zenye mvuke salama leo, kuna kesi ya mtu asiyeweza kupanda ngazi nyuma ya hilo. Miaka mitano baada ya uamuzi ule, filamu kuhusu kiwanda cha ladha inatoka, mfanyakazi aliyeumia anashitaki, na ni kichekesho. Nimeshamhudumia mgonjwa mwenye mapafu ya namna hiyo, sababu yake ilikuwa nyingine. Usiku kucha anakaa ameinama mbele, mikono kwenye magoti, anahesabu pumzi kama anayehesabu chenji ya mwisho. Ukimletea maji anakushukuru kwa macho, maneno ni gharama.

Nimewaza pia mama yangu. Mimi ni mtu wa Bukoba, na wale wa kwetu mtakumbuka miaka ile vanila ilivyopanda bei kama bangili ya dhahabu. Kimbunga kilikuwa kimepiga Madagaska, na kufikia 2003 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilifika mamia ya dola kwenye soko la dunia. Migombani kwetu kila mti ulikuwa na mzabibu wa vanila umejisokota. Ua lake linafunguka asubuhi moja tu. Likipita saa sita limekwenda. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, ni lazima mkono wa mtu. Mama alikuwa anaamka na umande, mwiba wa mchungwa katikati ya vidole viwili, anainua kile kijilimi ndani ya ua, anabonyeza kwa dole gumba, anakwenda ua jingine. Ujanja huo uligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Dunia ikatajirika kwa vidole vyake, yeye akafa maskini mwaka 1880.

Kisha 2005 bei ikaanguka chini. Viwanda vilikuwa vimehamia kwenye vanila ya maabara, inayotengenezwa kwa mabaki ya miti au mafuta ya petroli. Mama akang'oa mizabibu, akarudisha maharage. Hakumlaumu mtu. Hakujua amlaumu nani.

Naingiza hili la mama kwa sababu kwenye filamu nzima ya saa moja na nusu kuhusu arki, arki yenyewe haina kwao. Inatoka kwenye akili ya Joel, basi. Sheria ya Marekani inasema chupa isiandikwe arki halisi ya vanila mpaka iwe na pombe asilimia 35 na takriban gramu 100 za vanila kwa kila lita. Gramu mia, mjue, ni maua mangapi hayo, asubuhi ngapi. Mtu aliyebonyeza ua hayumo. Anayepanga chupa yumo, lakini kama mbeya, mnung'unikaji, mvivu. Yule Mary wa kwenye filamu (ndiyo, naye anaitwa Mary!) mkoba unapoibwa pale kiwandani anamshuku Hector papo hapo, kumbe kaiba Cindy. Na hili nampa Judge haki yake, ni kweli. Tuko hivyo. Kwenye mkanda wetu Wakenya walitusema, sisi tukawasema, wote tukawasema Wahonduras, na hakuna aliyesema habari ya kile kifuniko cha bati. Kama filamu ingesimama hapo ikauliza kwa nini maskini wanang'atana na bosi anakwenda kuogelea, ningeinunua DVD nikawatumia nyumbani. Haikusimama. Ilikimbilia kwenye matatizo ya kitanda ya Joel.

Ambayo, nikiri, yanachekesha. Rafiki yake wa baa anampa kidonge akidhani ni cha kutuliza mawazo, kumbe ni dawa ya kulazia farasi, na kwa akili hiyo ya farasi Joel anakubali kumlipa kijana amtongoze mkewe. Ben Affleck na ndevu zake pale kaunta, ananichekesha hata nikikumbuka sasa hivi. Na jirani muongeaji, kila kikao chetu kina wake, jina silitaji, alikuwepo Jumamosi. Sisemi filamu ni mbaya. Ingekuwa mbaya ningelala.

Mwaka jana alikuja kijana wa kwetu, kaingia nchini hana hata mwaka, kakatwa kiganja kazini. Alinipigia simu mimi badala ya kwenda hospitali. Nikamuuliza umemwambia msimamizi? Akasema, "Dada, sitaki waone nimekuja kutafuta hela za bure." Maneno yale yale, miaka kumi baadaye. Nilimpeleka mwenyewe kwenye gari langu, akashonwa nyuzi kumi na moja, tukapiga picha kidonda, tukaandika siku, saa, mashine ipi, nani alikuwepo, tukaomba nakala ya kila karatasi aliyotia sahihi. Kumbe mwajiri wake alikuwa na bima siku zote. Kijana hakuwa amejua. Alilipiwa matibabu na wiki tatu za mshahara pungufu, na hakufukuzwa. Hakuna aliyetajirika, hakuna Cindy.

Kwa hiyo shemeji, pilau ilikuwa tamu, na mtoto Mungu amkuze. Jumamosi ya mwisho wa mwezi zamu ni kwangu, ndizi na samaki, njooni wote, na yule jirani wetu muongeaji mleteni pia. Tutaangalia Office Space. Rimoti naishika mimi, na kidole changu kibovu.